Ubize unasingiziwa tu, ziwa lilifungwa miezi mitatu na sala haikurudi

Ndugu Mhariri,

Naanza na salamu, Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzangu, Bwana asifiwe kwa ndugu wa makanisa mengine, na majirani zetu wa Ujiji nao asalaam aleikum maana humu ndani nitawataja na ni kwa wema tu.

Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu aliyesema Wakristo wa huku kwetu Kigoma tumepoa kiroho kwa sababu ya ubize, kwamba biashara zimekuwa nyingi, simu haipumziki, ada za watoto zinatukimbiza toka asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo dawa ni mtu apunguze shughuli apate muda wa Mungu. Kaandika vizuri na kwa uchungu na najua wengi walisoma wakaitikia. Ila mi nasema hapana, hapo kakamatwa asiye mwizi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapumzike wazaliane. Sasa kama kweli ubize ndo unatunyima kusali, ile miezi mitatu makanisa ya huku mwambaoni si yangefurika mpaka watu wakae nje? Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, nyavu zimekunjwa, vichanja vya kuanikia vitupu kabisa, wachuuzi tumekaa tunaangaliana. Muda tulikuwa nao wa kumwaga. Na wale waliokuwa wanasema ngoja msimu upite nitatulia na Mungu wangu, msimu si huo umepita sasa?

Niseme ukweli, wengine walikwenda kulima, na wengine njaa iliwakaba na mtu mwenye njaa usimsimange. Lakini waliobaki mtaani kwetu nilikuwa nawaona. Bao, drafti, kibanda umiza cha video kuanzia saa nane, na mikeka ilitandikwa kweli kweli ila ni ile ya kubeti. Misa ya asubuhi walikuwa bibi walewale wanaokuja siku zote, na wao wangekuja hata ziwa likauke.

Yaani kazi ilipoondoka, sala nayo ikaondoka, na hata ile kidogo iliyokuwepo. Maana wakati ziwa liko wazi kijana alikuwa anajichora ishara ya msalaba kabla hajaruka mtumbwini, ziwa letu lina upepo na anajua, na mama alikuwa anasali sali njiani saa kumi na moja alfajiri anashuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na ndoo yake kichwani. Ziwa lilipofungwa hakuna mtumbwi wa kurukia na hakuna njia ya kushuka, kwa hiyo na ile ishara ya msalaba ikakosa mahali pa kukaa. Ndo maana nasema muda sio shida. Shida ni kwamba sala haina saa yake, inasubiri muda ubaki, na muda huwa haubaki, na ukibaki unaliwa na kitu kingine kilichokuwa kinausubiri toka zamani.

Angalieni majirani zetu. Pale mwaloni Kibirizi nanunua dagaa kwa wazee wa Ujiji toka niko msichana, na kwenye bei ni wagumu Mungu anajua, mnavutana hapo kwenye ndoo moja mpaka jasho linawatoka. Ila swala ikifika mzee anaacha, anakwambia mama nisubiri, anachota maji ya ziwa anatawadha, anageuka anaswali, akimaliza anarudi kwenye bei ileile aliyoiacha, hapunguzi hata mia. Na mimi nasubiri, na dagaa wanasubiri, na hakuna mteja aliyekimbia kwa sababu hiyo. Huyo mzee ana kazi kunishinda mara mbili. Hajapunguza shughuli yoyote. Saa yake ipo, basi, na dunia yote inayomzunguka inajua saa yake ipo.

Na sisi tulikuwa nazo saa zetu za sala. Vijana wa siku hizi nikiwaambia wanashangaa. Kengele ya Malaika wa Bwana inapigwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na zamani ukiisikia unasimama ulipo, jembe mkononi au mwiko mkononi, Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, Salamu Maria tatu, sala ya mwisho, mmemaliza, wala maharage hayajaungua. Sasa hebu watu wa ziwani ziangalieni hizo saa. Saa 12 jioni mitumbwi ya dagaa inasukumwa majini. Saa 12 asubuhi inarudi. Saa 6 mchana jua liko utosini na dagaa wanageuzwa. Ni kama aliyezipanga alikuwa amekaa hapo Katonga ufukweni anatuangalia! Bado sala hii ipo kwenye vitabu vyetu vyote na bado ni dakika mbili tatu tu, ila muulize kijana wa kwaya hapo aitamke mpaka mwisho uone atakavyoanza kucheka cheka.

Walokole msidhani ni mambo ya Kikatoliki haya nawachomekea. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 3, Petro na Yohana wanakwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa". Imeandikwa hivyo, saa ya kusali. Sio walipopata nafasi. Na sura ya 10 ndo naipenda zaidi, Petro yuko Yafa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kapanda darini yapata saa sita kuomba, na pale pale Biblia inasema akaumwa na njaa sana akataka kula, na chakula kilikuwa bado kinaandaliwa. Yaani ule muda ambao sisi tunasubiri ugali huku tunapekua status za watu, yeye kapanda darini. Na ni hapo alipopata yale maono yaliyofungua mlango wa watu wa mataifa, maana yake mimi na wewe hapa. Huyu ni mvuvi, sio mtu wa ofisini mwenye likizo. Na Zaburi ya 55 imetaja jioni, asubuhi na adhuhuri, hivyo hivyo tatu, na Danieli alipiga magoti dirishani mara tatu kila siku wakati ni mkubwa serikalini na kazi za mfalme ziko mezani kwake na maadui wanamchunguza.

Mama yangu mzazi alikuwa Mwanglikana wa Kasulu, wa wale wa uamsho, ule moto ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukavuka mipaka ukaingia Uganda, Burundi na huku Tanganyika. Watu wanaukumbuka uamsho kwa machozi na mikutano mikubwa. Mama alikuwa anasema kilichowashika sio mikutano, ni kale ka kikundi ka kila wiki, siku ileile, nyumba zinajulikana, mnakaa mnaambiana ukweli mnaombeana mnatawanyika kwenda kupalilia. Mtu asipoonekana jioni yake wanakuja kumgongea. Mkutano mkubwa ulikuwa unakuja mara moja moja, kikundi kilikuwa hakikosi.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi dawa inayouzwa kwa mtu aliyepoa ni tukio. Semina ya siku saba uwanjani, mkesha, kongamano, mtumishi anatoka Dar na spika kubwa, tunalia, tunaanguka, tunanunua na mafuta. Jumatatu inayofuata tuko palepale. Sisemi ni mabaya, kuna watu wamepona huko na nawajua. Ila wavuvi wanajua karabai, ile taa ya zamani kabla ya hizi za betri na sola, ukiipiga pampu jioni ukaiacha, usiku wa manane inafifia na dagaa wanapotea, kwa hiyo kulikuwa na mtu kazi yake ni kuamka amka kupampu. Tukio ni ile pampu ya jioni. Nani anaamka usiku?

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litaniletea maneno parokiani lakini nitalisema. Kuna ubize mwingine ambao msomaji mwenzetu hakuugusa, ubize wa kanisani kwenyewe. Mimi namjua dada mmoja, jina sitaji, ni mweka hazina wa jumuiya ndogondogo ya mtaa, yuko WAWATA, ule umoja wa wanawake Wakatoliki, yuko kwaya, yuko kamati ya ujenzi, yuko kamati ya sherehe ya jubilei ya padri. Jumapili anafika wa kwanza anaondoka wa mwisho. Siku moja tunatembea akaniambia dada mi sijui mara ya mwisho nilisali lini, kusali kwa maana ya kusali, maana Misa yote nahesabu bahasha na kuangalia nani kavaa sare isiyo sare. Martha wa Luka 10 huyu hapa, tena kwenye Injili anahangaika jikoni, huyu wetu anahangaika altareni. Tumewapa watu wetu wazuri kazi nyingi za Mungu mpaka hawana nafasi ya kuongea naye, halafu wakichoka wakaacha tunasema wamerudi nyuma.

Na grupu la jumuiya kwenye simu ndo kabisa. Asubuhi mtu katuma somo la siku, refu, zuri, chini yake Amina ishirini kwa dakika moja, nani kasoma hapo kwa dakika moja? Baada ya Amina, mchango wa harusi. Baada ya mchango wa harusi, orodha ya ambao hawajatoa, na majina yao.

Hapo kwenye orodha nikae kidogo, maana ndipo wanapofia wengi. Mtu aliyepoa muda mrefu akitaka kurudi haogopi Mungu, anaogopa kadi. Kadi yake ya zaka ina mapengo, michango ya ujenzi hajatoa, jumuiyani hajaonekana, na anajua akitokea Jumamosi asubuhi kabla hajakaa ataulizwa ulikuwa wapi ndugu yetu halafu daftari litafunuliwa. Nimemsikia mwanaume mzima anasema bora nikae hivi hivi nikifa wataona wenyewe wapi watanizika. Anatania lakini hatanii. Wenyeviti wa jumuiya mnisamehe, najua kanisa linaendeshwa kwa fedha na mimi natoa. Ila mtu akirudi mpokeeni na uji, daftari litamsubiri. Yule baba wa mwana mpotevu hakuuliza mali imeishia wapi, na alikuwa na haki kamili ya kuuliza.

Halafu wapo wanaosema mi nikipiga magoti sina cha kusema, kichwa kinakwenda kwenye madeni. Hawa nawajibu na Martin Luther, yule Mjerumani baba wa Walutheri. Najua Mkatoliki kumtaja Luther kwenye gazeti nitaitwa pembeni, lakini zuri ni zuri. Mwaka 1535 kinyozi wake, jina lake Petro, alimuomba amfundishe kusali, Luther akamwandikia maelekezo. Hakumpa mambo ya maprofesa. Alimwambia mimi mwenyewe nikijiona nimepoa sina hamu ya sala kwa sababu ya kazi na mawazo, nachukua zaburi zangu naingia chumbani au kanisani, naanza kutamka Amri Kumi, Nasadiki, maneno ya Kristo, neno kwa neno, kama wanavyofanya watoto. Na akamuonya ajihadhari na ile sauti inayosema subiri kidogo, utasali baada ya saa moja, kwanza maliza hiki na kile. Miaka karibu mia tano imepita na ile sauti haijabadilisha hata neno! Halafu akampa mfano wa ufundi wa kinyozi mwenyewe, kwamba kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe na nywele, akianza kupiga stori na kuangalia pembeni anaweza kumkata mteja pua au koo. Nenda saluni yoyote pale Mwanga ukae kwenye kiti wakati kijana anaangalia mpira kwenye tivii utamuelewa Luther.

Kwa hiyo usiwe na maneno, yapo. Baba Yetu unaijua. Nasadiki unaijua, ulichapwa fimbo na katekista mpaka ukaijua. Zaburi ya 23 unaijua. Anza na hizo kama mtoto, hamu itakuja ikitaka, isipokuja na kesho unaanza tena.

Na uifunge hiyo sala kwenye kitu ambacho lazima ukifanye. Pale stendi kuna kijana wa bodaboda, kila asubuhi akishavaa kofia ngumu anainamisha kichwa kwenye usukani kabla hajawasha, abiria wa kwanza anasubiri. Wenzake walimcheka wakambandika jina la Padri, sasa hivi jina limebaki na kicheko kimeisha, na kuna wawili nimeona wanafanya hivyo hivyo ila wanajificha ficha. Sisi wa dagaa tuna saa nzuri kuliko wote na hatuioni. Ukishamwaga dagaa kwenye kichanja ukawatandaza, unafanya nini? Unasubiri jua. Unafukuza kuku, unafukuza kunguru, unawageuza, unasubiri tena. Kuna kina mama upande wa chini kule ninapoanika, rozari imezungushwa mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia, mmoja anaongoza wengine wanaitikia, Salamu Maria umejaa neema, toka wewe kunguru, Bwana yu nawe. Mtu akisema hiyo sio sala ya heshima namwambia aje akae kwenye hilo jua nao kwanza.

Sasa nina ombi kwa mapadri, wachungaji na maaskofu wetu, na hili ndo hasa lililonifanya nikaandika. Ratiba zenu zimepangwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku na kuamka asubuhi. Huku mwambaoni nusu ya wanaume wanafanya kinyume. Jumuiya inakaa Jumamosi saa 12 asubuhi, ndo saa mitumbwi inafika, mvuvi yuko mwaloni na mchuuzi yuko mwaloni na wabeba ndoo wako mwaloni. Kitubio ni Jumamosi saa 10 jioni, ndo saa mvuvi anaweka mafuta na kukagua taa. Misa ya kwanza Jumapili wamefika wamechoka hata kusimama hawawezi, ya pili wamelala. Halafu kwenye mahubiri tunaambiwa watu wa ziwani hawapendi kanisa. Jamani, watu wa ziwani wamelala!

Lakini wana kalenda yao, nayo iko juu kila mtu anaiona. Dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku zile za mbalamwezi watu hawaendi. Ndo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kugawana hesabu. Kila mwezi zipo, hazijawahi kukosa toka dunia iumbwe. Ndo siku ambazo mwanaume yuko nyumbani usiku na mchana na ana hela mfukoni, baa wanazijua siku hizo vizuri sana na wanajiandaa, wanaleta kreti na wanaleta muziki. Kanisa linafanya nini siku hizo? Linaendelea na ratiba yake.

Na tazameni hili. Pasaka kanuni yake ya zamani ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake mwezi mpevu huwa haukosi kuwa karibu na Juma Kuu. Mwaka 2024 ulikuwa Jumatatu ya Juma Kuu, mwaka 2025 ukaangukia Jumapili ya Matawi yenyewe, tarehe 13 Aprili. Usiku ule wa Gethsemani ulikuwa wa mbalamwezi, maana Pasaka ya Wayahudi ni ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kwenye mwaka mzima wa kanisa, wiki kubwa kuliko zote ndiyo ile ambayo mvuvi wa dagaa yuko nchi kavu. Hakuna haja ya kumwambia apunguze kazi, Mungu kashampunguzia. Kilichobaki ni mtu wa kumfuata.

Naomba hivi. Mwezi mpevu ukikaribia padri ateremke mwaloni na stola yake akae hata kwenye kibanda cha nyavu asikilize maungamo, sio lazima kila mwezi, hata Kwaresima na Majilio tu. Njia ya Msalaba Ijumaa inayoangukia mbalamwezi ipite ufukweni. Na jumuiya ya watu wa mwaloni iruhusiwe kukaa saa 4 asubuhi, dagaa wameshaanikwa na watu wamekaa chini ya mwembe wanasubiri. Nikilisema hili kuna kiongozi alinijibu jumuiya ni ya mtaa, sio ya kazi. Nakumbuka tulifundishwa maaskofu wa Afrika Mashariki walipokaa Nairobi mwaka 1976 wakaweka nguvu kwenye jumuiya ndogondogo walitaka kanisa likae pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Sasa mtu anayelala mtaani kwa saa tano tu na saa zote zilizobaki yuko mwaloni, anaishi wapi?

Na Bwana mwenyewe mnajua alivyofanya. Petro kashamkana, kakata tamaa, karudi kwenye kazi yake, Yohana 21, "Naenda kuvua samaki", usiku kucha hakuna kitu. Asubuhi Yesu kasimama ufukweni. Hakumuita Petro hekaluni akajieleze. Alimfuata mwaloni saa ya mitumbwi kurudi, kawasha moto, kabandika samaki na mkate, akasema njoni mfungue kinywa. Lile swali gumu la wanipenda lilikuja baada ya kula.

Nawaona watakaosema wavuvi wa mbalamwezi wamelewa, utamuungamisha nani. Wapo wamelewa kweli, sibishi. Lakini saa 4 asubuhi hajaanza, anashona wavu na mkono unatetemeka kidogo, na ukikaa karibu yake bila daftari ataongea mwenyewe, mi wamenieleza mambo hapo kwenye ndoo za dagaa ambayo mapadri wangeshangaa.

Na wewe Mhariri nina ombi dogo. Gazeti lako linaweka ratiba ya ligi, matokeo, hali ya hewa, na Ijumaa mnaweka masomo ya Jumapili, tunashukuru. Pembeni ya hayo masomo wekeni na tarehe ya mwezi mpevu. Ni mstari mmoja tu. Katekista wa kigango cha huku mwambaoni akiuona atajua wiki ipi aite watu, na sisi wachuuzi utatusaidia pia kwenye bei, maana mbalamwezi ikiingia dagaa wanapanda na kuna watu wanajifanya hawajui.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma.